Milimita Moja kwa Siku

Mshipa wa fahamu ulioumia hukua polepole sana, kama milimita moja kwa siku. Ndivyo daktari alivyomwambia mdogo wangu, huku akimchora kwa kalamu mstari kutoka katikati ya mkono wa juu, pale mfupa ulipovunjika, mpaka chini kidogo ya kiwiko. "Hapa mpaka hapa," alisema, "sentimita 12 hivi." Mdogo wangu, ambaye hesabu za kichwani hazijawahi kumsumbua, akajibu kabla sijafungua mdomo: miezi minne. Daktari akakubali. Miezi minne ndipo tungeona dalili ya kwanza, kama mshipa haukukatika kabisa. Hiyo "kama" hakuifafanua, nasi hatukumuuliza.

Ilikuwa ajali ya bodaboda, Barabara ya Kilwa, saa mbili usiku. Sina la kuongeza hapo. Kila familia ya Dar es Salaam ina yake. Mfupa uliungwa kwa chuma na ukaunga vizuri. Kilichobaki ni ule mshipa unaouzunguka mfupa kwa nyuma, ambao kazi yake ni kuinua kifundo cha mkono na kufungua vidole. Ukiumia, mkono unaning'inia kama wa bwana mkubwa anayesubiri kubusiwa kiganja. Kufumba bado unaweza, ingawa kwa nguvu ya mtoto. Kufumbua ndiko kunakokushinda. Nilimwona mdogo wangu ameshika kikombe cha chai, amekwishamaliza kunywa, na mkono wa kushoto ukaja kuvibandua vidole vya kulia kimoja kimoja ili kikombe kirudi mezani.

Mtaani wanamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hapa. Ana meza Kariakoo, ndani ya duka la mtu, upana wake hauzidi mkeka wa kuswalia. Anatengeneza simu. Kubadilisha kioo ni kazi ya kila mtu siku hizi. Yeye wanamletea bodi, zile ambazo wenzake wamekwishasema zimekufa. Anaangalia kwa lenzi, anashika kwa kibano kitu kidogo kuliko punje ya mtama, anakipasha moto, anakitoa, anaweka kingine. Kazi yote iko kwenye kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Alipolazwa, kijana mwingine aliikalia ile meza "kwa muda", na kodi ya meza ikaanza kulipwa na huyo kijana. Kariakoo "kwa muda" ni neno la kutisha.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa banzi la plastiki la kuinua kifundo, na orodha ya mazoezi: kuokota maharage na kuyatia kwenye kopo, kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo. Alifanya kwa wiki mbili. Wiki ya tatu nikayakuta maharage yamepikwa.

"Dada," aliniambia, "mimi si mtoto wa chekechea."

Hapo ndipo nilipolitoa lile boksi chini ya kitanda.

Lilikuwa limekaa hapo tangu Desemba. Mama mdogo, anayeishi Reading, Uingereza, alilikuta kwenye duka la vitu vilivyotolewa sadaka, akalinunua kwa sababu ya picha iliyo juu yake. Miezi michache kabla nilimtumia picha ya ndege ya namna hiyohiyo nikimweleza ninachosomea. Akalileta likiwa limebanwa kati ya dawa za presha za bibi na makopo ya maziwa, kana kwamba maziwa hayauzwi Temeke. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vingi, vimeshikana kwenye vijiti vyake kama senene kwenye mshikaki, na kijitabu cha maelekezo chenye alama ya kikombe cha kahawa cha mtu ambaye hatutamjua. Mwenye boksi wa kwanza alikuwa ameunganisha viti viwili vya marubani, kisha akaacha.

Ndege yenyewe ni Catalina. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1935, ikatengenezwa na kampuni ya Consolidated ya Marekani, na haikuwa nzuri hata siku moja. Mwili wake ni mashua. Bawa moja refu limewekwa juu yake kwenye shingo, kama mtu aliyejitwisha ubao, na injini mbili zimebandikwa humo karibu na shingo. Maboya ya kuelelea hukunjwa juu yakawa ncha za bawa. Ubavuni, nyuma, kuna madirisha mawili yaliyotuna, ambayo Waingereza huyaita malengelenge, nasi hatuna sababu ya kuyaita vinginevyo. Ilikwenda taratibu, kama kilomita 200 kwa saa, lakini ilikaa angani kutwa na kucha. Kazi yake ilikuwa kuangalia maji.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kikosi namba 259 cha jeshi la anga la Uingereza kilianzishwa Kipevu, Mombasa, mwanzoni mwa 1943, kikiwa na ndege hizi. Septemba mwaka huo kikahamia Dar es Salaam, na hapa kilikaa mpaka 1945. Watu wengi ninaowaambia hawaamini. Wanadhani vita ile ilipiganwa kwenye sinema. Lakini bandari hii ilikuwa imeshazoea ndege za majini. Tangu 1937 zile za abiria za Imperial Airways, zilizotoka Uingereza kwenda Durban, zilitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Lindi! Kuna watu walikuwa wakisimama ufukweni Lindi wakitazama barua za Ulaya zikishuka kutoka mawinguni, wakati barabara ya kwenda huko ilikuwa haipitiki masika.

Mimi sisomei ndege. Tasnifu yangu ya shahada ya umahiri, katika historia, ni juu ya vibarua wa bandari ya Dar es Salaam miaka ya vita. Ndege ilinijia pembeni, kama paka anayekufuata kutoka sokoni. Nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani, posho ya ufadhili imekwisha, nimerudi nyumbani Temeke kuandika, na siku tatu kwa wiki nilikuwa nakwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, kusoma majalada. Jioni nilirudi na vumbi la karatasi puani na kumkuta Fundi amelala kifudifudi, ameuning'iniza mkono nje ya kitanda.

Kipimo cha kifaa kile ni 1 kwa 48. Bawa la Catalina lina urefu wa karibu mita 32, kwa hiyo letu lilikuwa sentimita 66. Halikuenea kwenye meza yoyote ya nyumbani ila ya kulia. Mama alivumilia siku mbili.

"Mtoto wa kike, miaka 27, shahada ya pili hiyo, unacheza na ndege ya plastiki."

"Ni mazoezi ya mkono, mama."

"Mkono wa nani? Wako una nini?"

Siku ya tatu alihamisha mkeka, akatuwekea meza ya zamani ya cherehani kwenye korido karibu na dirisha, akasema meza yake ya kulia si karakana. Kwa mama huko ndiko kubariki.

Nilidhani mimi ndiye nitakayefundisha, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Ilichukua dakika kumi tu. Nilipoanza kung'oa kipande kwa kukizungusha kama inavyong'olewa papai, Fundi alinyoosha mkono wa kushoto akanizuia, akaniagiza begi lake. Ndani mlikuwa na maisha yake yote ya kabla ya ajali: prasi ndogo ya kukatia waya, vibano vitano vya ncha tofauti, lenzi yenye taa, brashi, spiriti, visu vya kubandulia vioo. Wazungu wanaopenda mambo haya huuziwa vifaa hivyohivyo kwa bei kubwa, kwenye vikasha vya kupendeza. Yeye alikuwa navyo tayari. Akasema vipande vioshwe kwanza kwa sabuni, maana plastiki ikitoka kwenye kalibu huwa na mafuta, na rangi haitashika. "Ni kama bodi iliyoingia maji. Unaosha, unakausha, ndipo unaanza kuuliza maswali."

Gundi yake hatukuwa nayo, kwa sababu ni kitu kinachowaka na mama mdogo asingeruhusiwa kupanda nayo ndege. Fundi alikata kipande cha kijiti, akadondoshea thina ya rangi ya magari. Kikalainika, kikaanza kunata. Hiyo ikawa gundi yetu. Haigandishi vitu viwili kama supagluu inavyofanya. Inayeyusha pande zote mbili, zikigusana zinakuwa plastiki moja. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusisha brashi yenye thina kwenye ufa, na ufa wenyewe unainywa mpaka mwisho. Kulehemu bila moto, alisema, na nikamwona kwa mara ya kwanza tangu ajali anakitazama kitu kwa hamu. Tulifungua madirisha yote na bado bibi alilalamika kwamba nyumba inanuka gereji.

Banzi lilipouinua mkono wake, vidole viliweza kubana. Hicho ndicho tulichokuwa nacho: kubana. Aliweza kushika kipande kwa kibano na kukipeleka mahali pake, lakini hakuweza kukiachia. Kwa hiyo tukagawana kazi kwa namna ambayo sijapata kuiona popote. Yeye alipeleka, alilenga, alitulia. Mimi niligusa thina, nikahesabu mpaka ishirini, kisha nikavifungua vidole vyake. Mara elfu kwa siku, au ndivyo nilivyohisi. Ndani ya ndege mna mambo mengi ambayo ukishafunga mwili hayataonekana tena na mtu yeyote: vitanda vya wafanyakazi, meza ya ramani, kuta za kugawanya vyumba zenye milango ya duara. Niliuliza kama kuna haja ya kupaka rangi kitanda ambacho hakuna atakayekiona. Alinitazama kama vile nimemshauri aache uchafu chini ya chipu kwa sababu simu itafungwa.

Kuna watu ulimwenguni ambao hujulikana kama wahesabu ribiti. Ndege hizi zilishonwa kwa ribiti, na wao hupiga darubini picha za kale, wakahesabu, wakagombana kwa kurasa na kurasa juu ya ribiti zilizopungua kwenye kipande cha plastiki. Niliwasoma usiku, kwanza kwa kicheko, kisha kwa wivu. Wanajua injini zilikuwa Pratt & Whitney zenye silinda 14. Wanajua rangi ya ndani ya kisanduku cha betri. Mimi mchana nilikuwa kwenye majalada nikitafuta jina la mtu mmoja, mmoja tu, kati ya waliobeba.

Neno lenyewe linasema. Kibarua ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu kwa kazi ya siku moja. Baadaye karatasi ikawa kazi, na kazi ikawa mtu. Asiyekuwa na karatasi hakuwa na siku. Karatasi zilihesabiwa, zikajumlishwa, zikawa tarakimu katika ripoti ya mwaka, na ripoti ikatunzwa. Karatasi zikatupwa.

Mwezi wa pili tulifika kwenye magurudumu, na hapo ndipo kazi ilipoacha kuwa mazoezi ya mkono.

Kifaa kilichokuwa kwenye boksi ni cha Catalina ya aina inayotua kote, majini na nchi kavu. Ubavuni ina mashimo makubwa ya kukunjia magurudumu. Lakini za kikosi cha 259 zilikuwa za majini tu. Hazikuwa na magurudumu kabisa. Ubavu wake ulikuwa laini kama wa ngalawa. Nilimwambia Fundi kwamba kama tunataka iwe ile iliyokaa Dar es Salaam, lazima tuyazibe yale mashimo, na kuyaziba ni kazi. Kama hatujali, tunaweka magurudumu, inasimama, tunamaliza wiki ijayo.

Alifikiri. "Ya hapa," akasema.

Alichukua rula yangu ya shule, ile ya plastiki inayoonekana ng'ambo, akaidondoshea thina pembeni. Ikalainika. Plastiki ni ileile. Akanielekeza niikate vipande kwa kufuata umbo la mashimo, tukavipachika, kisha tukayeyusha mabaki ya vijiti ndani ya thina mpaka yakawa uji mzito, tukajazia nyufa. Siku mbili kukauka. Msasa wa 400, wa 800, kisha wa 1200 na maji. Kusugua alifanya mwenyewe kwa kiganja, mkono mzima ukienda na kurudi kutoka begani kwa sababu kifundo hakikujibu. Aliposafisha vumbi, mistari ya milimita ya rula ilikuwa bado inaonekana ubavuni mwa ndege, midogo, kama mbavu za samaki. Baadaye ilifunikwa na rangi. Iko humo.

"Sasa haina miguu," alisema. "Itasimama vipi?"

Nikamweleza kwamba haikuwa inasimama. Ilielea, imefungwa kwenye boya. Ikihitaji kusuguliwa magugu na chaza tumboni, au kubadilishwa injini, ilisogezwa mpaka kwenye mteremko wa zege ufukweni, na watu wakaingia majini. Ndivyo ndege za majini zisizo na magurudumu zilivyotolewa popote duniani: magurudumu yalikuwa kitu cha pembeni, jozi moja ya kufungwa ubavuni na kigari cha mkiani, na ili kuyafunga ilibidi mtu awe ndani ya maji mpaka kifuani huku tani kadhaa za bati zikipanda na kushuka na mawimbi juu ya kichwa chake. Kisha kamba. Kisha kuvuta.

"Kwa hiyo bila watu haitoki."

"Haitoki."

"Na wewe hao watu unao?"

Nilikuwa nao tarakimu. Nilikuwa nao pia mgomo. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena Agosti 1943 wakidai malipo yapande kwa sababu vitu vilikuwa vimepanda, na mwaka 1947 mgomo wao ukafuata reli ukaenea bara. Agosti ile ya 1943, tarehe 20, ndege za kikosi cha 259 na cha 265 zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska, na wote waliokuwa ndani walikufa. Mwezi uliofuata kikosi cha 259 kikaja kukaa hapa, kwenye bandari iliyotoka kugoma. Matukio hayo mawili sijayaona yakiandikwa katika ukurasa mmoja. Wa ndege wana vitabu vyao na wa bandari wana vyao.

Fundi aliuliza walilipwaje. Kwa siku, nikasema. Akauliza aliyeumia je. Nikasema siku ambayo hujaitwa, hulipwi. Hakusema kitu. Aligeuza ndege, akaendelea kusugua upande ambao tayari ulikuwa laini.

Sitaki kuifanya ndege ionekane ya maana kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa ndege ya wenye himaya, ililinda meli za wenye himaya, ingawa katika meli hizo walikuwemo wetu pia. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa huku, ambao wengi walikuwa hawajawahi kuiona bahari kabla ya kuitwa. Kwa hiyo Fundi aliponiuliza, siku ya kubandika alama za duara za jeshi la Uingereza, kwa nini tunawapaka nembo yao kwa mikono yetu, sikuwa na jibu la mstari mmoja. Karatasi ya nembo ilikuwa imegeuka njano kwa uzee, tukaibandika dirishani siku tano na jua la Temeke likairudisha weupe. Nilisema ndege ilikuwa yao, tukiifuta nembo tutakuwa tunasema uongo.

"Basi bandika wewe," alisema. Nikabandika mimi, zote.

Siku ya 120 ilipita. Alikuwa ameiandika ukutani kwa penseli, nyuma ya mlango, na mama alikuwa akijifanya haioni. Hakuna kilichotokea. Siku ya 125 mjomba alikuja na jina la mtaalamu wa mitishamba wa Mkuranga. Siku ya 128 tulirudi hospitali, na daktari, kwa upole, akataja kwa mara ya kwanza upasuaji mwingine: kama mwezi wa sita hakuna kitu, wanaweza kuhamisha misuli, ile ya kufumba ikafundishwa kufumbua. Inawezekana. Watu wanafanya kazi nayo. Fundi aliuliza kazi gani. Daktari akasema kazi za kawaida.

Ndani ya daladala hatukuzungumza. Usiku huo alinipa namba ya siri ya simu yake ya biashara, akasema wateja wakipiga niwaambie wamwone yule kijana. Nilikataa kuiandika. Tuligombana kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mama, na katika familia yetu ugomvi wa sauti ya chini ndio mbaya.

Tuliendelea na ndege kwa kuwa ilikuwa pale. Rangi ya juu kijivu cha giza cha aina mbili, chini nyeupe. Hatukuwa na mashine ya kupulizia. Fundi rangi mmoja wa gereji ya jirani alitupulizia nyeupe baada ya kazi, akakataa hela, akaomba picha. Kijivu tulipaka kwa brashi, tabaka jembamba baada ya tabaka. Malengelenge ya kioo tulibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, maana mvuke wa supagluu hufanya kioo kiwe na ukungu kama jicho lenye mtoto. Ilikuwa kazi ya kuingiza mkono chini ya bawa, na banzi likawa linagonga. Akalivua.

Mimi nilikuwa nimeshika mkia. Aliinyoosha mikono yote miwili kulipokea lengelenge la kulia, na kifundo kikainuka. Kidogo sana, na kwa mshazari, kuelekea upande wa kidole gumba, kama kichwa cha kuku aliyesikia kitu. Kikaanguka. Akaweka lengelenge mezani, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Akaulaza mkono wa kulia ukingoni mwa meza ya cherehani, akautazama bila kupumua. Ukainuka tena. Tulikuwa siku ya 131.

"Usimwambie mama," alisema. "Bado."

Nilikaa na siri hiyo siku tisa, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo chuo kizima. Mama alikuja kuijua mwenyewe jikoni, alipomwona anapokea sahani.

Vidole vilichelewa zaidi, na kidole gumba kikawa cha mwisho, kama daktari alivyosema. Katikati ya kungoja huko ndipo alipoanza kuwatengeneza watu. Boksi lilikuwa na vijitu vyake, marubani wenye kofia na jaketi za ngozi. Alivitia kwenye mfuko wa nailoni akanirudishia. Mtu wa sentimita 168, kwa kipimo cha 1 kwa 48, ni milimita 35. Alichuna waya wa shaba kutoka kwenye chaja mbovu, akasokota: waya mmoja kichwa na mwili na miguu, wa pili mikono, tone la risasi kifuani kuvishika. Wa kwanza alikuwa kama panzi. Wa tatu alikuwa mtu. Wa tano alikuwa anavuta kamba. Huwezi kusema imetoka wapi, ni mwinamo wa mgongo tu. Nilimletea ubao, tukautengeneza mteremko kwa saruji nyeupe ya kuzibia vigae, na maji kwa tabaka za vanishi. Wengine aliwakata miguu kiunoni ili wawe ndani ya maji.

Msimamizi wangu alipoiona picha alikaa nayo muda, halafu akaniuliza nimewafanya wangapi, na kwa ushahidi gani. Ni swali halali. Nilisema kumi na wawili, kwa ushahidi wa upana wa meza. Sura ya tatu nimeiandika upya tangu hapo. Inaanzia majini, kwenye kazi yenyewe, na tarakimu za ripoti zinakuja baadaye. Bado hajaipitisha.

Siku moja ya Juni, nikiwa naandika, Fundi aliniita koridoni. Alikuwa ameshika kibano mkono wa kulia, bila banzi, ameunyoosha juu ya meza. Akafungua vidole. Kibano kikaanguka, kikalia. Akakiokota, akakiangusha tena. Aliangusha mara nyingi mpaka bibi akauliza chumbani kwake ni nani anayecheza na vijiko.

Sasa anakwenda Kariakoo siku tatu kwa wiki, mpaka saa saba mchana, kisha mkono unachoka. Yule kijana hakuondoka. Wamegawana meza, na kodi, na nadhani wamegawana pia wateja kwa namna ambayo hawanielezi. Bodi za kufa bado hajazigusa; anabadilisha vioo, kazi ya kila mtu, na akirudi haisemei.

Ndege iko juu ya kabati la mama, kwa sababu hakuna mahali pengine penye sentimita 66. Wageni wakiitazama huwaambia watoto wake wameitengeneza, kisha huwaonyesha wale watu wa shaba kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja, bila kuwagusa. Walio majini ni watano. Walio kwenye kamba ni sita. Wa kumi na mbili amelala kwenye kifuniko cha kopo, mwili na miguu tayari, hana mikono. Anangoja kibano, na vibano vyote vitano viko Kariakoo.